Nikipotea Porini, Nianze na Lipi?

Watu wanaotaka kujifunza maisha ya porini huuliza kwanza kuhusu vifaa. Ninunue kisu gani? Hema la aina gani? Wengine huuliza kuhusu chakula: mizizi ipi inaliwa, mtego unategwaje? Maswali hayo yana wakati wake, lakini kuna moja linalotangulia yote: nikipotea porini, nianze na lipi?

Sura hii ni ya mtu ambaye hajawahi kulala nje bila mlango. Labda umekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, na siku hizi unajiunga na wenzako kupanda Uluguru, Usambara au vilima vya Ngong. Labda kazi yako inakupeleka vijijini na pikipiki yako inaweza kuharibika mbali na watu. Huhitaji kuwa na kifua kipana wala vifaa vya gharama. Unahitaji kujua mambo machache kwa mpangilio wake, na kuyafanyia mazoezi kabla ya siku ya shida.

## Hatari na zamu zake

Hatari za porini haziji zote kwa kasi moja. Waelekezaji wa safari za porini hufundisha hesabu hii ya kukumbuka:

- Dakika 3 bila hewa.
- Saa 3 bila kinga kwenye baridi kali au joto kali.
- Siku 3 bila maji.
- Wiki 3 bila chakula.

Hicho ni kipimo cha kukadiria tu. Mtu anayetembea juani mchana kutwa katika nyika ya Turkana bila maji anaweza kuzidiwa siku hiyohiyo. Lakini mpangilio wenyewe ni wa kweli, nao unashangaza wengi kwa sababu chakula kiko mwisho kabisa. Njaa inauma, inakera na kukatisha tamaa, lakini mwenye afya njema haimuui kwa siku mbili tatu, na watu wengi waliopotea hupatikana ndani ya muda huo. Anayetoka mbio kutafuta matunda huku jua linamchoma na maji yanamwishia, ameanza na la mwisho.

Kwa ufupi: Tuliza akili, tafuta kinga, kisha maji, kisha moto na ishara. Chakula ni cha mwisho.

## Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani

Usalama wako unaanza kabla hujafunga kamba za viatu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mambo matatu: unakwenda wapi, unapitia njia ipi, na saa ngapi aanze kukutafuta asipokusikia. Bila hilo, unaweza kupotea Ijumaa na mtu akashtuka Jumatatu.

Kisha funga mfuko mdogo. Karibu kila kitu kinapatikana sokoni:

- Maji, angalau lita mbili, moja ikiwa kwenye chupa ya chuma inayoweza kuwekwa motoni.
- Kiberiti cha gesi, na kiberiti cha njiti kilichofungwa ndani ya plastiki.
- Filimbi. Sauti ya mtu hukauka baada ya muda mfupi, filimbi haichoki.
- Panga au kisu cha kawaida chenye makali. Kinachokata nyama jikoni kinatosha kuanzia.
- Khanga au kikoi: hutoa kivuli, huchuja tope kwenye maji, hufunga jeraha, hubeba mkono uliovunjika.
- Kamba imara ya mita kumi, tochi, turubai jepesi na sweta.
- Vidonge vya kusafisha maji.
- Simu yenye chaji. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingine hupita mahali ambapo kupiga simu kunashindikana.

Jua pia unaingia eneo la nani. Hifadhi za taifa na hifadhi za misitu zina sheria. Tanzania utakutana na TANAPA (hifadhi za taifa) na TFS (misitu), Kenya KWS (wanyamapori) na KFS (misitu). Uliza kuhusu vibali, na usikate mti wala kuwasha moto mahali pasiporuhusiwa.

## Ukigundua umepotea

Dakika chache za kwanza ndizo za hatari. Moyo unadunda, na miguu inataka kukimbilia kokote kunakoonekana kufahamika. Mtu hupita kichaka kimoja, akadhani njia iko mbele kidogo, akapita kingine, na kila hatua inamtoa pale ambapo wenzake wangeanza kumtafuta. Fanya mambo manne:

1. Simama. Usiongeze hata hatua kumi.
2. Kaa chini. Kunywa maji kidogo, pumua polepole.
3. Tazama. Una nini mfukoni? Unasikia nini: gari, jogoo, shoka, maji? Mara ya mwisho uliona njia wapi, na muda gani umepita?
4. Panga. Kama njia huioni kwa uhakika, bakia hapo uanze kutoa ishara.

Ishara inayofahamika sehemu nyingi duniani ni tatu-tatu: milio mitatu ya filimbi, kimya kidogo, kisha mitatu tena. Kioo cha mfukoni kinachorusha mwanga wa jua huonekana mbali sana. Kitambaa cha rangi kali kikitandazwa mahali peupe kinamsaidia anayetafuta kutoka juu.

Kisha pima saa ya jua. Bila kulikodolea jua macho, nyoosha mkono mbele na ulaze vidole vinne kati ya upeo wa macho na ukingo wa chini wa jua. Kila kidole ni takriban dakika 15, vinne ni saa nzima. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima na giza huingia upesi. Nafasi ikibaki ya viganja viwili, achana na njia, tayarisha pa kulala.

## Vitabu vya mbali na jua la kwetu

Vitabu vingi vya ujuzi huu vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Vinasema saa sita mchana jua liko kusini, na usiku utafute nyota ya kaskazini. Kwetu ushauri huo unapoteza watu. Dodoma au Nairobi, mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, na mwezi Desemba liko upande wa kusini. Ukivuka ikweta kwenda kusini, nyota ya kaskazini haionekani; tunao Msalaba wa Kusini, nyota nne zinazong'aa ambazo mhimili wake mrefu unaelekeza upande wa kusini.

Njia inayofaa kila mahali ni kijiti na kivuli. Simika kijiti kilichonyooka mahali tambarare. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Subiri kama dakika 20, kivuli kitakuwa kimesogea, kisha weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza liko upande wa magharibi, la pili mashariki. Kipimo huwa sahihi zaidi karibu na saa sita mchana.

Kujua mashariki hakukuambii uko wapi. Kunakusaidia pale tu unapojua kwamba barabara au mto ulikuwa upande fulani, na kunakuzuia usizunguke mduara.

## Kinga: kivuli mchana, ukavu usiku

Nyikani, adui wa mchana ni jua. Pumzika kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi, tembea asubuhi au jioni kama ni lazima utembee. Usivue shati, nguo iliyolegea inazuia jua na kupunguza jasho kukauka upesi.

Milimani adui ni baridi. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Moshi uko chini kidogo ya mita 900, kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro kiko mita 3,720. Tofauti ni karibu nyuzi 17, kabla hujahesabu upepo na mvua. Mtu aliyelowa huku upepo ukivuma anaweza kupoteza joto la mwili hadi akaanza kutetemeka, kuongea kwa kukokota maneno na kufanya maamuzi ya ajabu. Ukimwona mwenzako hivyo, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto akiwa na fahamu, na msiendelee kupanda.

Unapochagua pa kulala, kagua mambo haya:

- Juu: hakuna tawi kavu linaloweza kuanguka.
- Chini: hakuna siafu, mashimo, wala njia iliyokanyagwa na wanyama.
- Pembeni: si kwenye mkondo wa mto mkavu, hata mbingu ikiwa safi. Mvua iliyonyesha mbali inaweza kuleta mafuriko usiku.
- Maji: yawe karibu kiasi cha kufikika, lakini si mita chache tu. Kiboko na mamba hutumia ukingo huo, na mbu pia.

Funga kamba kati ya miti miwili, tupia turubai, kandamiza ncha zake kwa mawe. Kisha fanya kazi ambayo wengi huisahau: tandika chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Kusanya majani makavu hadi yafike unene wa shibiri baada ya kuyalalia, lakini yapekue kwanza kwa kijiti, kwa sababu nge na nyoka nao wanapenda majani makavu.

## Maji: bana jasho, usibane maji

Wengi wakiona chupa inakaribia kuisha huanza kunywa tone moja moja. Maji yaliyobaki chupani hayausaidii mwili. Kunywa ukisikia kiu, na ubane jasho: kaa kivulini, punguza kuongea, acha kazi nzito hadi jioni. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mwili unalalamika. Usinywe maji ya bahari. Chumvi yake hukausha mwili zaidi.

Maji hutafutwa kwenye mabonde. Mikuyu hupenda kumea kandokando ya mito. Vijia vya wanyama vinavyokutana na kuungana mara nyingi vinaelekea maji. Wenyeji wa Dodoma na wa Kitui wanajua vizuri kwamba mto mkavu hauna ukavu wote: huchimba kwenye mchanga na kupata maji chini yake, na tembo wa Ruaha hufanya vivyo hivyo kiangazi. Chimba upande wa nje wa kona ya mto, au penye mchanga wenye unyevu, kina cha mkono mzima. Maji yakianza kuchuruzika, subiri yatulie kabla ya kuchota.

Maji safi kwa macho si lazima yawe salama kwa tumbo. Kipindupindu na homa ya matumbo havionekani. Yachuje kwa khanga iliyokunjwa mara kadhaa, kisha tumia njia mojawapo:

- Kuchemsha. Yakishaanza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja. Juu ya mita 2,000, dakika tatu.
- Vidonge. Fuata maelezo ya kwenye pakiti na subiri muda uliotajwa.
- Jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, toa karatasi ya jina, laza juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo. Mionzi ya jua huua vijidudu, lakini haiondoi kemikali.

Tena, usiingie kwenye maji yaliyotuama kwa miguu mitupu. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi. Huhitaji kuyanywa ili uugue.

Kwa ufupi: Kivuli huokoa maji mengi kuliko chupa. Ukipata maji, yasafishe kabla hujayanywa.

## Moto: anza na kidogo

Moto unataka vitu vitatu kwa pamoja: joto, hewa na kitu cha kuungua. Kila aliyewasha jiko la mkaa analijua hilo. Mkaa ukirundikwa juu ya njiti ya kiberiti hauwaki. Lazima uanze na kitu laini, na jiko lipitishe hewa kutoka chini.

Porini kusanya kwanza, washa baadaye. Andaa mafungu matatu: vitu laini vikavu (nyasi, makumbi ya nazi, nyuzi za magome, kinyesi kikavu cha tembo), vijiti vyembamba vinavyovunjika kwa mlio mkavu, kisha kuni zenye unene wa kidole hadi mkono. Kijiti kinachopinda bila kuvunjika bado kina maji, kiache. Baada ya mvua, tafuta matawi makavu yaliyokwama juu ya miti, au pasua kuni ufikie moyo wake mkavu.

Moto wa kupekecha, kama wafanyavyo Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi na wafugaji wa Kimaasai, unastahili kutazamwa kwa makini. Ubao wa mti laini na mkavu hutobolewa kishimo pembeni, na kishimo hukatwa mfereji mdogo wa kutokea unga. Kijiti kirefu husimamishwa kishimoni, na viganja hukizungusha huku vikiteremka kutoka juu hadi chini, vinarudi juu, vinateremka tena. Unga wa kahawia unaotoka mferejini hugeuka mweusi. Dalili ya kufanikiwa ni moshi unaoendelea kupanda baada ya mikono kusimama: sasa moshi unatoka kwenye unga wenyewe, si kwenye msuguano. Unga huo hudondoshwa kwenye kifungu cha nyasi kavu, hupulizwa taratibu, na nyasi hulipuka moto.

Waliozaliwa katika kazi hiyo hutumia dakika chache. Mgeni atatoka malengelenge na huenda asipate hata moshi siku ya kwanza. Jifunze kwa kuipenda, lakini safarini beba viberiti viwili.

Na uuzime. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa Mlima Kilimanjaro, na mamia ya watu walihangaika kuuzima. Safisha nyasi hadi udongo mtupu kuzunguka moto wako. Ukiondoka mwagia maji, koroga majivu, gusa kwa kiganja. Kama pana joto, bado hujamaliza.

## Usichokijua usikile

Mfikirie muhogo mchungu. Ni chakula cha mamilioni ya watu, na bado una sumu inayoweza kuua mtu asiyejua kuuloweka, kuukausha na kuupika. Ikiwa mmea wa shambani unataka ujuzi namna hiyo, wa porini tusioujua hata jina je? Nyani au ndege kula tunda si ushahidi kwamba tumbo la mtu litalistahimili. Uyoga uuache kabisa, isipokuwa yupo mwenyeji anayeuchuma kila msimu.

Hadhari haiishii mdomoni. Utomvu mweupe wa mnyaa, mmea wa uzio katika vijiji vingi, huchoma macho vibaya. Na usichome nyama kwa kijiti cha mti usioujua: iko miti ambayo utomvu wake hupikwa kuwa sumu ya mishale.

Anza na mimea mitatu au minne ya mahali unapotembelea, ijue kwa jani, gome, ua na tunda. Mbuyu ni mwanzo mzuri: hausahauliki kwa umbo, unga wa tunda lake una vitamini C nyingi, na gome lake hutoa kamba.

## Nyoka na wanyama wakubwa

Nyoka wengi hukimbia wakisikia hatua. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii; hulala palepale njiani akitegemea rangi yake imfiche. Kwa hiyo vaa viatu vinavyofunika kifundo, washa tochi usiku, na usiingize mkono mahali usipopaona.

Mtu akiumwa: mtulize, mlaze, vua pete na bangili, zuia kiungo kisitikisike, mpelekeni hospitali haraka. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, na msipoteze muda na jiwe la nyoka. Swila akitema sumu machoni, osha kwa maji mengi mara moja.

Kwa nyati, tembo na kiboko, kanuni ni umbali. Usiwe kati ya kiboko na maji, wala kati ya tembo na mtoto wake.

## Mazoezi ya wiki sita

1. Vifundo vitatu: kitanzi kisichokaza, cha kufunga kamba mtini, cha kuunga kamba mbili. Rudia hadi uvifunge gizani.
2. Moto kwa njiti moja ya kiberiti, uani au mahali palipo wazi.
3. Safisha maji kwa kuchemsha na kwa jua.
4. Kijiti na kivuli, kisha kukisia saa kwa vidole na kulinganisha na saa ya mkononi.
5. Lala usiku mmoja chini ya turubai uani kwenu au kwa ndugu kijijini.
6. Matembezi ya kutwa na mwenzako kwenye msitu wa karibu, kama Pugu au Karura, ukiwa na mfuko wako kamili.

## Mwalimu yuko jirani

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941. Sehemu ya ujuzi aliowaandikia vijana wa Ulaya aliuokota akiwa askari kusini mwa Afrika. Ujuzi huo uliondoka hapa barani, ukaandikwa, ukarudi kwetu ukiwa kitabu. Waliokuwa wanaufahamu bila kitabu bado wapo. Warina asali wa Tabora huingia kwenye misitu ya miombo kwa wiki kadhaa na unga, sufuria na panga, na kamba wanaitoa kwenye magome. Wafugaji wanajua maji yako wapi mwezi Septemba. Wavuvi wanasoma upepo.

Watafute kabla hawajaondoka na ujuzi wao. Nenda kwa heshima, si kwa kamera. "Shikamoo babu. Ninajifunza mambo ya msituni, naomba siku moja nifuatane nawe, nibebe mzigo wako." Wachache watakataa ombi la namna hiyo. Ukifuatana naye, tazama mikono yake, uliza jina la kila mti anaougusa, na jioni andika ulichokiona pamoja na jina lake. Ukishakijua kitu kimoja vizuri, mfundishe mdogo wako. Jumamosi hii anza na chupa ya maji juani na njiti moja ya kiberiti. Wiki ijayo ongeza la pili.